Kwa Nini Gololi Isimame?

Maandishi ya hotuba ya mwalimu wa fizikia kwa wazazi, walimu na wanafunzi, siku ya sayansi ya shule, Morogoro

Mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi wetu mliofunga biashara na kuacha mashamba mje kutusikiliza, nanyi wanafunzi mliojaa hadi madirishani: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mezani hapa kuna bilauri, kadi ya mchango wa harusi, sarafu ya shilingi mia mbili, gololi, reli ya pazia, jiwe, uzi wa kushonea, mayai mawili na nyundo. Hakuna hata kimoja kilichotoka maabara. Vyote vipo majumbani mwenu au duka la jirani, na vinatosha kabisa kufundisha kanuni ya kwanza ya mwendo, ile ambayo Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687: kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa mwendo uleule, kwa mstari ulionyooka, mpaka kani, yaani msukumo au mvuto, itokee nje na kukibadilisha. Tabia hiyo ya vitu ndiyo inesha.

Sharti langu ni moja. Kabla sijagusa kitu, kila mtu atabiri kitakachotokea, tena atabiri kwa sauti. Mtu asiyetabiri huona matokeo, akatikisa kichwa, akasahau. Aliyetabiri akakosa hutaka kujua kwa nini, na huyo ndiye ninayemtafuta.

Tuanze na sarafu. Kadi iko juu ya bilauri, sarafu iko juu ya kadi. Nikiipiga kadi kwa ncha ya kidole ichomoke, sarafu itakwenda wapi? Wengi mnasema itaruka na kadi. Haya, tazameni. Imetumbukia, na mlio wake mmeusikia hadi nyuma.

Mwanafunzi wa kidato cha pili ataniambia, "Mwalimu, ni inesha." Jibu ni sahihi, lakini kwangu halijatosha. Sasa naivuta kadi ileile polepole, na sarafu inaifuata. Sarafu haijabadilika, inesha yake haijabadilika. Mbona safari hii imefuata?

Hapo ndipo raha ya fizikia inapoanza. Kadi inapopita chini ya sarafu, msuguano unaivuta sarafu upande uleule, na mvuto huo haukwepeki. Kinachotofautiana ni muda. Kadi ikichomoka kwa sekunde 0.02, msuguano unawahi kuisogeza sarafu kwa kiasi kisichofika milimita moja. Kisha kadi haipo tena, na chini ya sarafu ni uwazi mtupu. Nikivuta taratibu, msuguano unapata muda wote unaouhitaji na sarafu inakwenda na kadi yake. Wanafunzi, liandikeni hili: kubadili mwendo wa kitu kunataka kani, na kani inataka muda. Muda ukiwa mfupi mno, kani ndogo haifui dafu. Na ikiwa hakuna budi mwendo ubadilike ndani ya muda mfupi, basi kani lazima iwe kubwa kupita kiasi. Sentensi hiyo tutaihitaji tukifika barabarani.

Jiwe hili lina nusu kilo hivi. Nimelifunga kwa uzi kwenye boriti, na chini yake nimefunga uzi mwingine wa aina ileile, unaning'inia. Nikiuvuta huu wa chini, upi utakatika? Mikono imegawanyika, vizuri sana. Navuta polepole, naongeza, naongeza… umekatika wa juu, jiwe limeangukia gunia. Na ndivyo inavyostahili, kwa sababu uzi wa juu ulibeba jiwe pamoja na mkono wangu, na wa chini ulibeba mkono peke yake.

Tunafunga upya. Safari hii nauvuta uzi wa chini kwa mshtuko mmoja. Umekatika wa chini! Jiwe liko palepale, linaning'inia. Ili uzi wa juu ukazike zaidi, jiwe lilipaswa kwanza lishuke kidogo, na halikupata muda wa kushuka. Jaribio hili nalipenda kuliko yote ya mezani, maana mkono ni uleule, jiwe ni lilelile, nyuzi ni zilezile, na jibu limegeuka kwa sababu ya haraka tu.

Sasa gololi. Naomba mnisikilize kwa makini kidogo, kwa sababu hapa tunavunja wazo ambalo kila mmoja wetu amezaliwa nalo.

Reli ya pazia nimeikunja katikati, ncha zote mbili ziko juu. Naiachia gololi upande wa kushoto. Inashuka, inapanda kulia, inakaribia kimo kilekile ilichoanzia. Naushusha upande wa kulia kidogo. Naachia tena: inakwenda mbali zaidi kabla ya kukifikia kimo hicho. Naushusha zaidi, na gololi inakwenda mbali zaidi. Sasa upande wa kulia nimeulaza juu ya meza, hauna mwinuko wowote. Gololi inakitafuta kimo chake na kimo hakipo. Isimame wapi, na kwa nini isimame?

Swali hilo alilibeba Galileo Galilei wa Italia mwanzoni mwa miaka ya 1600. Kwa karibu miaka elfu mbili wasomi wengi walikuwa wamemfuata Aristotle, aliyefundisha kwamba kitu huenda maadamu kuna kinachokisukuma. Tusiwacheke. Sisi sote tunaona hivyohivyo kila siku: ukiacha kusukuma toroli, linasimama, ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama. Wapo waliotilia shaka mapema. John Philoponus, msomi wa Alexandria nchini Misri katika karne ya 6, alimpinga Aristotle waziwazi kuhusu vitu vinavyorushwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba kitu kikirushwa mahali pasipo na chochote cha kukizuia, mwendo wake haungekoma. Galileo akaja na mteremko na mpira, akaonyesha hatua kwa hatua ni kitu gani cha kuondoa ili ukweli uonekane: msuguano.

Tuone. Natandika blanketi mezani, naachia gololi: imesimama hapa karibu. Naondoa blanketi, naachia juu ya mbao: imefika kule. Naweka kioo: imepita meza nzima na imedondoka. Gololi ni moja, mteremko ni mmoja. Haikuchoka, wazazi wangu. Gololi haichoki. Ilisimamishwa, na kadiri kinachoisimamisha kinavyopungua, ndivyo inavyozidi kwenda.

Je, tukikiondoa chote? Mahali pa kuangalia ni angani. Chombo kiitwacho Voyager 1 kilirushwa na Marekani tarehe 5 Septemba 1977. Kiko umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa tulipo, na bado kinakwenda karibu kilomita 17 kila sekunde. Hakuna injini inayokisukuma kiendelee. Vijiinjini vyake vidogo hutumika kugeuza antena ielekee duniani. Tangu nilisikie hili sijaacha kulishangaa, na natamani kila mtoto aliyeko hapa alishangae.

Nije kwenye tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu. Ukitaka kuelewa kwa nini kitu kizito kina inesha kubwa, nenda sokoni ukawatazame watu wa mikokoteni. Mifuko kumi ya saruji ni kilo 500. Mzigo huo umebebwa na ekseli na magurudumu, hakuna anayeuinua. Lakini angalia wanavyoanza: wawili wameinama, visigino vimechimba ardhi, shingo zimekaza. Ukishachanganya, mmoja anaweza kuuongoza huku anazungumza na wapita njia. Kisha angalia wanavyokaribia njia panda. Wanaanza kuuzuia kutoka mbali, wanajitupa nyuma, kandambili zinaburuzika. Wanaume hawa wanapigana na inesha mara mbili kwa safari moja, kuanzisha na kusimamisha, na katikati wanapumzika. Wanaijua kanuni ya Newton kwa misuli. Mwanafunzi wangu akiwasaidia kusukuma mara moja tu, hataisahau.

Zidisheni hesabu hiyo. Sheria inaruhusu lori kubwa kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Sasa liwekeni kwenye mteremko wa Kitonga, njiani kwenda Iringa, ambako mvutano wa dunia nao unalivuta. Ndiyo maana dereva anayejua kazi yake hushuka Kitonga kwa gia ya chini tangu juu kabisa, breki zake zisije zikachemka na kushindwa. Ukiliona lori linatambaa pale, usimpigie honi.

Nina jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika somo hili. Tangu Juni 2024 treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inachukua abiria kati yetu na Dar es Salaam, na inafikia kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44 kila sekunde. Ukikaa kwenye kiti chako ukarusha chungwa juu likakaa hewani sekunde moja, treni imeshasogea mita 44. Chungwa linaangukia wapi? Nani anasema litampiga abiria wa nyuma? Linarudi kiganjani mwako. Mlioshapanda mnajua. Chungwa lilikuwa tayari linakwenda mita 44 kwa sekunde pamoja nawe, na kulirusha juu hakukuliondolea mwendo huo.

Galileo alilisema hili kwa mfano wa meli katika kitabu chake cha mwaka 1632. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre Gassendi akalijaribu kwa kweli: pale Marseille, kwenye merikebu iliyokuwa inakwenda kasi, mawe yaliangushwa kutoka juu ya mlingoti, yakatua chini ya mlingoti uleule, wala hayakuachwa nyuma. Haya hayakuwa mabishano ya meli. Watu walikuwa wakiuliza: kama dunia inazunguka, mbona jiwe likianguka kutoka mnarani haliachwi na mnara? Mbona ndege hawaachwi na miti yao? Sasa mnaweza kuwajibu. Hapa Morogoro, dunia inatuzungusha kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, mara kumi ya treni yetu. Milima ya Uluguru, shule hii, hewa tunayovuta, mwalimu na gololi yake, vyote vina mwendo huo tayari. Hatuusikii kwa sababu hakuna anayetuzuia.

Mayai nitayapitia upesi, muda unakwenda. Moja bichi, moja limechemshwa. Nayazungusha yote kama pia, nayagusa kidogo yasimame, kisha naachia mara moja. Hili limetulia tuli. Hili limeanza kuzunguka tena lenyewe! Ganda lilisimama, lakini ute na kiini ndani vilikuwa bado vinazunguka. Hilo ndilo bichi. Nyundo nayo: kichwa kikilegea, fundi hugonga kitako cha mpini chini, mpini unasimama ghafla, kichwa cha chuma kinaendelea kushuka na kujikaza. Mama akikung'uta mkeka anafanya fizikia ileile: mkeka unaondoka, vumbi linabaki.

Sasa twende barabarani. Hapa naomba wazazi mnivumilie, kwa sababu nitasema kwa ukali kidogo. Barabara kuu inapita mjini kwetu na wote tunajua inachotuchukulia.

Gari likigonga mti, linalosimama ni gari. Wewe uliye ndani hujasimama bado. Ulikuwa unakwenda kilomita 50 kwa saa na unaendelea kwenda kilomita 50 kwa saa mpaka ukutane na kitu: usukani, kioo, chuma cha kiti cha mbele. Kila aliyewahi kusimama kwenye daladala amelionja hili. Breki ikishikwa ghafla, abiria wote wanakwenda mbele. Hakuna aliyewasukuma. Dereva amelizuia gari, na wao hakuna aliyewazuia.

Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, kimo ni mita 25. Hiyo ni ghorofa ya nane hivi. Hesabu hizi anaweza kuzifanya mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa kalamu na karatasi, na nitawapa mzifanye. Hakuna mzazi hapa angemkalisha mwanawe ukingoni mwa ghorofa ya nane bila kumshika. Lakini tunampandisha basi, mkanda upo kwenye kiti, na tunauacha chini umekunjamana kwa sababu una vumbi.

Mkanda unafanya nini? Unafanya kazi ya muda na umbali, ileile ya sarafu na kadi, kinyumenyume. Kichwa kikipiga chuma, kinasimama ndani ya sentimita mbili. Ukiwa umefungwa mkanda, mbele ya gari inabonyea, mkanda unanyooka, na wewe unasimama ndani ya sentimita 60 hivi. Umbali ukiongezeka mara 30, kani inapungua mara 30. Huo ndio mpaka kati ya maumivu ya kifua na msiba. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo kwenye magari madogo uliletwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, Sweden.

Miaka mitano kabla yake, tarehe 10 Desemba 1954, daktari wa jeshi la anga la Marekani aitwaye John Stapp alijifunga mikanda kwenye kigari cha roketi kilichopita juu ya reli kule New Mexico. Kilifikia kilomita 1,017 kwa saa, kisha kikasimama ndani ya sekunde 1.4. Mwili wake ulivutwa kwa kani ya zaidi ya mara 40 ya uzito wake. Macho yalivilia damu, akapoteza uwezo wa kuona kwa muda. Lakini alipona, akaishi hadi mwaka 1999, na akatumia jina lake kupigania mikanda ya magari. Alitaka kujua kama mwili wa binadamu unaweza kuvumilia kusimamishwa hivyo ukishikwa vizuri. Unaweza. Hauwezi ukiachwa huru.

Kina mama, na kina baba pia: mtoto wa kilo 10 umempakata, gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kani utakayohitaji kumzuia asiruke ni sawa na uzito wa kilo 140. Hizo ni ndoo saba za maji za lita 20, uzidake kwa mpigo bila kuonywa. Hakuna mikono ya kuifanya kazi hiyo, hata iwe na upendo kiasi gani. Mtoto mwenye gari la familia anastahili kiti chake, na kwenye basi anastahili nafasi yake na mkanda wake. Jenereta, ndoo za asali na mabegi mnayoyapanga nyuma ya vichwa vya watu nayo yana inesha. Yafungeni.

Kwa waendesha bodaboda walioko nje, na nimewaona mmesimama kivulini: pikipiki ikisimama ghafla, abiria wako anaendelea, na mbele yake hakuna kitu ila lami. Kofia ngumu ndiyo inayokiongezea kichwa zile sentimita chache za kusimamia. Isiyofungwa mkanda wa kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini. Majirani zetu Kenya, mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, waliamuru matatu, yaani daladala zao, zifungwe mikanda na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Serikali inaweza kuamuru. Lakini anayeuvuta mkanda na kuubofya ni mtu aliyekaa kitini, na nataka auvute kwa sababu ameiona sarafu ikitumbukia.

Walimu wenzangu wa shule za msingi na sekondari, maabara nzuri naitaka kama ninyi. Lakini somo hili lisingoje maabara. Msiwaandikishe watoto kanuni ya Newton ubaoni ndipo muwaonyeshe jaribio siku ikipatikana. Leteni gololi kwanza. Wabishane, wakosee, wapige kelele. Kanuni ije mwisho, ikiwa jibu la ugomvi wao. Na jaribio lisifanywe na mwalimu peke yake mbele, wengine wakinyoosha shingo. Gololi ni bei ya pipi. Kila dawati liwe na yake.

Wanafunzi, ninyi nawaachia moja ambalo leo sitalifanya. Chukueni chupa ya maji, ijazeni karibu yote, ibaki nafasi ya povu moja kubwa la hewa, mfunge kifuniko. Ilazeni juu ya mapaja mkiwa ndani ya basi, mdomo uelekee mbele, mtulie mpaka povu likae katikati. Dereva akiondoa gari, povu litakwenda mbele au nyuma? Akishika breki je? Andikeni utabiri wenu kabla hamjapanda, mweke sahihi, na Jumatatu mniletee karatasi pamoja na mlichokiona. Kumbukeni tu kwamba ndani ya chupa kuna vitu viwili, na kimoja ni kizito kuliko kingine.

Meza iko wazi sasa. Nyuzi zipo za kutosha, anzeni na jiwe.